Mshumaa wa kwanza ulikuwa sahihi: MetaTrader 5 na programu jalizi ya Mjomba

Mjomba wangu ananunua dhahabu Geita. Si tajiri wa kusimuliwa. Ni dalali mdogo mwenye leseni, mizani, daftari la jalada gumu na simu mbili. Shida yake ni ya kila siku: bei ya dunia inatajwa kwa dola kwa wakia, yeye ananunua kwa shilingi kwa gramu, na dhahabu ya mchimbaji huwa si safi. Wakia moja ni gramu 31.1035. Tuseme wakia iko dola 2,000: gramu safi ni dola 64.30. Kipimo kikisoma asilimia 90, gramu inashuka hadi dola 57.87, na hapo bado hujagusa mrabaha, ada ya ukaguzi wala faida yako. Hesabu hiyo alikuwa akiifanya kwa simu, mwenye mzigo amesimama mbele yake anahema.

Nilishamwandikia programu ndogo kwa lugha ya C++. Ina jedwali lake la usafi, inatunza manunuzi, inatoa stakabadhi kwenye printa ile ndogo ya karatasi ya joto. Kilichobaki ni bei iingie yenyewe bila kuchapwa kwa mkono. Siku moja akaniambia: "Mpwa, hiyo chati unayoikodolea macho usiku kucha, haiwezi kuongea na programu yangu?"

Chati hiyo ni ya MetaTrader 5, programu ya kompyuta ya kufuatilia bei za masoko na kufanyia biashara. Tathmini hii ni ya kazi hiyo moja tu, yaani kuchota data kutoka kwenye chati na kuipeleka kwenye programu jalizi (kipande kinachochomekwa kwenye programu nyingine) niliyoandika mwenyewe. Mambo ya kuuza na kununua siyagusi. Wa kukufundisha namna ya kupoteza pesa wapo tele.

Gharama ni ndogo mno. Programu ni bure, unafungua akaunti ya majaribio kwa broka yeyote mwenye dhahabu kwenye orodha yake, bei zinaanza kutiririka. MetaEditor, kihariri cha lugha ya MQL5, kinakuja humo humo. Kwa upande wa C++ nilitumia Visual Studio Community, nayo ni bure kwa mtu binafsi. Nilichonunua ni kompyuta mpakato ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa UPS.

Nilianza na njia ya mkato, faili. MQL5 inaruhusu kuandika ndani ya folda yake ya MQL5\Files, au folda ya pamoja ukiongeza alama ya FILE_COMMON. Nje ya hapo huendi, na sioni ubaya. Kiashiria, yaani programu ndogo ya MQL5 inayobandikwa kwenye chati, kinaandika bei kila inapobadilika, programu ya Mjomba inasoma kila sekunde. Ilikwenda vizuri mpaka siku msomaji alipofika wakati mwandishi yuko katikati ya namba. Bei ya elfu mbili na ushei ikasomwa "20". Dhahabu dola 20 kwa wakia! Mjomba akacheka, akasema leo ananunua soko zima. Dawa ya ugonjwa huo naijua, unaandika faili la muda kisha unalibadilisha jina, lakini nilikuwa nimeshaudhika.

Nikahamia kwenye DLL, faili la Windows lenye kazi ambazo programu nyingine inaweza kuziita. Unaandika kazi zako kwa C++, unajenga faili la biti 64 (MetaTrader 4 ndiyo inayotaka la 32), unaliweka MQL5\Libraries, unalitangaza kwa #import, na mwenye kompyuta anaweka tiki ya kuruhusu DLL. Bila tiki hiyo hupiti, na ni haki, maana DLL inaweza kufanya chochote kwenye mashine yako. Ukipewa kiashiria cha bure kinachodai tiki hiyo, muulize aliyekupa kuna nini ndani.

Ukikosea, Windows inakujibu kwa namba. 193 ina maana umepeleka la biti 32. 127 ni jina la kazi halikuonekana, kwa sababu umesahau extern "C" na C++ imeligeuza jina hadi halitambuliki. 126 ni kwamba kuna faili jingine DLL yako inalitegemea na halipo, mara nyingi yale ya Visual C++ ambayo kompyuta yako inayo na ya Mjomba haina. Mimi nilizipata zote tatu kwa mpangilio huo huo, Jumamosi moja, kabla ya chai ya saa kumi.

Halafu likaja lililokula wikendi zangu mbili.

Mishumaa, yaani vipande vya muda vinavyochorwa kwenye chati, unaichota kwa kazi ya CopyRates, nayo inakupa safu ya MqlRates. Kila mshumaa una muda, bei ya kufungua, ya juu, ya chini, ya kufunga, idadi ya mara bei ilivyobadilika, spread (pengo la bei ya kununua na ya kuuza), na kiasi halisi. Vitu saba kati ya hivyo ni vya baiti nane nane. Spread peke yake ni baiti nne. Jumla 60. Nikaandika muundo ule ule upande wa C++, majina yale yale, mpangilio ule ule, nikapitisha mishumaa 100.

Wa kwanza ukatoka sahihi. Nililinganisha na chati senti kwa senti, isipokuwa kiasi halisi ambacho sikujisumbua kukitazama, na hapo ndipo jibu lilipokuwa limejificha. Wa pili ulikuwa kichekesho: bei ya kufungua ina sufuri lukuki baada ya nukta, bei ya juu ni namba ndefu kuliko deni la taifa. Wa tatu nao umevurugika. Nikashuka chini nikiwa sina matumaini, nikafika wa 16, huu hapa mzima! Bei safi za dhahabu, zinazoingia akilini kabisa. Nilidhani kumbukumbu ya kompyuta ni mbovu. Nikabadilisha hadi kipande cha RAM.

RAM haikuwa na kosa. MQL5 inapanga vitu vimebanana, bila nafasi katikati. C++ kwa kawaida yake inataka kitu cha baiti nane kianzie penye mgawanyo wa nane, kwa hiyo baada ya spread inaacha baiti nne tupu, na muundo wake unakuwa wa 64. Ni kama kuhesabu mayai yaliyopangwa kwenye trei za 30 huku daftari lako linasema trei ni 32. Kila mshumaa unateleza baiti nne zaidi. Nne mara 15 ni 60, yaani mshumaa mzima, na ndiyo sababu wa 16 ulionekana timamu, ila kwenye chati ulikuwa wa 17. Na kile kiasi halisi cha mshumaa wa kwanza kilikuwa kimeshachanganyika na muda wa mshumaa wa pili.

Dawa ni #pragma pack(push, 1) kabla ya muundo na pop baada yake, ili C++ nayo ibananishe vitu. Nikaongeza static_assert kwamba sizeof, yaani ukubwa wa muundo, lazima iwe 60, ili siku nyingine programu igome kujengwa badala ya kunidanganya kwa upole. Nyaraka za MQL5 zimelieleza jambo hili, kosa ni la kwangu niliyezipitia juu juu. Lakini mwenye kutaka kununua kitu kwa macho ajue hivi: mlango huu hauna bawabu. Terminali, yaani MetaTrader yenyewe, inakukabidhi kumbukumbu ghafi kama ilivyo. Mzigo wote unafika, ila maana yake haisafiri nao, na hakuna upande unaokagua.

Nililijua hilo tena siku ile ile. Kwenye MQL5 nimezoea ArraySetAsSeries, ili namba sifuri iwe mshumaa wa sasa. Kumbe hiyo ni miwani ya MQL5 peke yake. Ukipitisha safu kwenye DLL, DLL inapewa kielekezi (anwani) cha kumbukumbu yenyewe, mkongwe mbele, mchanga nyuma, na habari za miwani yako haina. Kwa nusu saa "bei ya sasa" ya Mjomba ilikuwa bei ya mishumaa 100 iliyopita. Jina la bidhaa nalo: nililipokea kwa char* (maandishi ya baiti moja kwa herufi), XAUUSD, yaani dhahabu kwa dola, ikafika "X". Maandishi ya MQL5 yanakwenda baiti mbili kwa herufi, baiti ya pili ya X ni sufuri, na char* ikiona sufuri inajua maneno yamekwisha. wchar_t*, ya baiti mbili, ikamaliza kesi. Na usiliandike jina hilo moja kwa moja ndani ya programu yako. Kuna broka anayeongeza herufi mwishoni, kuna anayeita GOLD. Tumia _Symbol, jina la bidhaa ya chati yenyewe, upumzike.

Baada ya hapo data ilipita kama maji. Sifa hii naitoa bila kusita: kasi ni nzuri mno. Kompyuta ile ile ya mtumba inapitisha mishumaa elfu kadhaa kwa mkupuo, na macho hayaoni chochote kikisita. Ukitumia vizuri OnCalculate, kazi inayoitwa kila bei mpya ikiingia, hupitishi hata hiyo elfu: prev_calculated inakuambia ulipoishia, unapeleka mipya tu. Ikirudi sufuri, ujue historia imejazwa upya, anza mwanzo. Ni mpango mzuri, umefikiriwa.

Mjomba alipoziona safu zote kwenye kioo akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Hiki kiasi, ni kilo ngapi?"

"Si kilo, Mjomba. Ni idadi ya mara bei ilivyobadilika."

"Na hiki cha pili, kiasi halisi?"

"Hicho kwa dhahabu ya broka wetu ni sufuri."

"Sasa unaniwekea cha nini?"

Nikakiondoa kwenye kioo. Ndani ya muundo kimebaki, maana ukikitoa unarudi kwenye trei za mayai.

Printa ni kosa langu asilimia mia, lakini linaonyesha tabia ya programu. Jalizi ilikuwa inaitwa na kiashiria, na ndani ya mwito huo huo nilikuwa naagiza printa itoe kikaratasi bei ikivuka kiwango Mjomba alichoweka. Siku moja karatasi ikaisha. Mwito ukasubiri printa, kiashiria kikasubiri mwito. Sasa, MetaTrader 5 inaendesha viashiria vyote vya bidhaa moja kwenye uzi mmoja (thread, njia moja ya kutekelezea kazi), hata kama viko kwenye chati tofauti. Chati zote tatu za dhahabu zikaganda, ilhali za shilingi ya Kenya na euro zinacheza. Mjomba alidhani soko limefungwa. Kifupi cha ushauri: ndani ya mwito nakili data, itie kwenye foleni, rudi. Kazi nzito ifanywe na uzi wa DLL yenyewe. Na usihifadhi kile kielekezi ukakitumie baadaye. Umeazimwa kwa muda wa mwito tu. Uzi wako nao uuzime kwenye OnDeinit, kazi inayoitwa kiashiria kinapoondolewa, la sivyo siku ukiondoa kiashiria terminali inaanguka nzima bila kuaga. DLL inakaa ndani ya nyumba ya mwenyeji. Ikiungua, inaungua na mwenyeji.

Kero moja ndogo ya kila siku: ukiwa umeibandika kwenye chati, faili la DLL limeshikwa na huwezi kuweka toleo jipya juu yake. Unaondoa kiashiria, wakati mwingine unafunga terminali kabisa, unanakili, unafungua. Kwa siku ya kurekebisha mambo madogo madogo, hiyo ni mara 30.

Kilichonitia aibu zaidi ni saa.

Mjomba ana desturi. Saa nne asubuhi anaandika bei ya kuanzia siku kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu. Nikaipa jalizi kazi hiyo: tafuta mshumaa wa 10:00, chukua bei ya kufungua, ioneshe kwa herufi kubwa "Saa nne asubuhi". Toka Juni hadi Oktoba haikukosea hata siku moja, nikawa natembea kifua mbele. Novemba, Jumatatu ya mwanzo, simu ikaita.

"Mpwa, dhahabu imelala?"

"Imelalaje, Mjomba?"

"Bei ya leo ni ile ile ya Ijumaa. Mpaka senti."

Muda kwenye MqlRates ni sekunde tangu 1970, lakini kwa saa ya seva ya broka, na hauna lebo ya kusema ni saa ya wapi. Broka wengi wanaweka seva GMT+2, na Marekani inapokuwa kwenye saa za kiangazi wanasogea GMT+3, ili mshumaa wa siku ufunge New York inapofika saa kumi na moja jioni. Sisi ni GMT+3 mwaka mzima. Kwa hiyo kwa miezi kama minane seva na Geita zinakwenda bega kwa bega, na mtu unajiona umeijua kazi. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma, seva inarudi nao, na Jumatatu saa nne yetu seva inasema ni 9:00. Mshumaa wa 10:00 wa leo bado haujazaliwa. Jalizi yangu iliukosa, na kwa sababu niliiandikia "ukikosa chukua wa karibuni", ikachukua wa Ijumaa.

Nilikuwa nimeijaribu kabla kwenye kipimaji cha historia, miaka miwili nzima, ikapita. Haingeweza kutopita: ndani ya kipimaji TimeGMT (saa ya GMT) inalingana daima na TimeTradeServer (saa ya seva), tofauti inakuwa sufuri mwaka mzima. Hilo linaandikwa kwenye nyaraka kwa sentensi moja tu, na mimi ningeiandika kwa wino mwekundu wa Mjomba. Sasa kila mwito unabeba tofauti ya TimeTradeServer na TimeGMT, DLL inahifadhi kila kitu kwa GMT, na ubadilishaji wa kuwa saa zetu unafanyika mwisho kabisa, kwenye kioo. Mshumaa ukikosekana, kioo kinasema haupo.

Najua nitaulizwa kwa nini sikutumia lugha ya Python. MetaQuotes, watengenezaji wa MetaTrader, wenyewe wanayo maktaba inayoitwa MetaTrader5. Unaita copy_rates_from_pos, unapewa safu ya NumPy yenye majina ya safu wima, hakuna baiti za kuhesabu wala trei za mayai. Nimeijaribu kwa jioni mbili na nakiri, kama ningekuwa naanza leo bila programu ya zamani ya C++, ningeanzia hapo. Ina mipaka yake: ni ya Windows tu, na haikuiti bei inapobadilika, wewe ndiye unayeuliza kila mara. Kwa Mjomba, kuuliza kila sekunde kunatosha kabisa. Saa ya seva nayo inakufuata hata huko, usidhani umeikwepa. Na kuna njia nyingine niliyoigundua nikiwa nimeshachelewa: MQL5 inaandika hifadhidata ya SQLite yenyewe, kwa DatabaseOpen. Programu ya Mjomba inatunza manunuzi kwenye SQLite. Ningeweza kuzikutanisha kwenye jedwali moja bila DLL hata moja, nikabaki na wikendi zangu. Sijamwambia.

Kwa mwenye mpango wa kuiweka kwenye seva ya kukodi inayouzwa ndani ya MetaTrader yenyewe, sahau: DLL haziruhusiwi humo. Kwenye soko lao la viashiria pia hazipokelewi. Ukitaka kuuza ulichounda, andika yote kwa MQL5.

Alama zangu: data yenyewe naipa nne na nusu kati ya tano, nyaraka nne, mlango wa DLL tatu kwa mtu aliyeshika C++ sawasawa na moja kwa anayejifunzia hapo. Anayetaka bei tu ziingie kwenye jedwali la hesabu asipite huku kabisa.

Jalizi inafanya kazi mpaka leo. Machi, saa za Marekani ziliposonga mbele, nilikaa Mwanza na simu mkononi asubuhi nzima ya Jumatatu nikisubiri, haikuita, nikapiga mimi. Mjomba akasema bei iko sawa, ameshailinganisha. Bado anaiandika kwenye daftari kila saa nne, kwa kalamu nyekundu, akiinakili kutoka kwenye kioo nilichomtengenezea ili asiandike. Sijamwomba aache.